Prosesa ikipanda baada ya apdeti, tusikimbilie kupiga Windows

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme na wenye steshenari, makarani wa maofisini na mafundi wenzangu wa hapa Mwanza, kuhusu kompyuta zinazokuwa nzito mara tu zinapomaliza kujisasisha, yaani apdeti. Prosesa (CPU, ubongo wa kompyuta) inaliwa, feni inavuma, mshale wa kipanya unakwama, mteja amesimama anasubiri kuprinti fomu yake, na ushauri unaotoka karibu kila meza ni ule ule: “Hiyo piga Windows upya,” yaani ifutwe na kusakinishwa tena. Mara nyingi ushauri huo ni hasara tupu kwa mwenye mashine.

Microsoft hutoa masasisho yake ya kila mwezi Jumanne ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu inakuwa saa mbili usiku, au saa tatu ile miezi ambayo wenzetu wamerudisha saa nyuma. Muda huo maduka mengi ya Makoroboi, Nyegezi na Igoma yameshafungwa, tena swichi kubwa ya ukutani imeshushwa. Kompyuta inakutana na sasisho Jumatano asubuhi, au siku yoyote itakayofuata ikipata bando. Halafu Windows imepangiwa kufanya matengenezo yake ya ndani saa nane usiku, ikiwa kwenye umeme na hakuna anayeigusa. Ikiwa imezimwa saa hiyo, kazi inasogezwa hadi mwanya wa kwanza utakaopatikana. Kwenye steshenari mwanya huo ni pale unapogeuka kuhesabu chenji. Kazi ya usiku inaangukia mchana, kwa vipande vipande, siku tatu au nne, na mwenye duka anaamini apdeti imeua mashine.

Kazi zenyewe zinajulikana kwa majina. TiWorker.exe, inayoandikwa Windows Modules Installer Worker, inapanga faili mpya na kusafisha za zamani. Mscorsvw.exe inazitafsiri upya maktaba za .NET (misimbo ya pamoja inayotumiwa na programu nyingi) kwa ajili ya prosesa yako, maana zile zilizotafsiriwa mwanzo zimepitwa na wakati. SearchIndexer.exe inapitia mafaili yako na kujenga upya orodha ya kutafutia. MsMpEng.exe, ambayo ni Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, inakagua faili zote zilizobadilika. CompatTelRunner.exe inakusanya taarifa za mashine na kuzituma Microsoft, inapita, inatulia. Kompyuta yenye SSD (diski isiyozunguka) na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 inaweza kuyamaliza haya kwa saa chache bila mtu kugundua. Yenye diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4, ambayo ndiyo iliyojaa mitaani kwetu, itahangaika.

Sasa mtazame anayepiga Windows upya. Anapakua faili la usakinishaji la zaidi ya GB 5, anafuta, anasakinisha, kisha mashine inaanza kupakua masasisho yale yale, kutafsiri .NET ile ile, kukagua kwa Defender na kujenga orodha kuanzia sifuri. Ikionekana nyepesi siku ya kwanza, ni kwa sababu haina faili la mteja hata moja. Mkirudisha nyaraka na kusakinisha draiva (programu za kuendesha vifaa) za printa na skana, mmerudi pale pale, na bando limekwenda. Kwa mtu wa Ukerewe aliyevuka na mashine yake hadi mjini kutafuta fundi, ongeza nauli ya kwenda na kurudi.

Kinachotakiwa kwanza ni kumjua anayekula prosesa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi, ifunguke, kisha uiache dakika nzima bila kugusa kitu. Yenyewe ikifunguka hula prosesa kwa sekunde kadhaa, kwa hiyo namba ya mwanzo haina maana. Bofya kichwa cha safu ya CPU ili mlaji mkubwa apande juu. Ukiingia ukurasa wa Details utakuta System Idle Process ina 90 na kitu. Nimeshaona watu wakiulizia namna ya kuifuta. Hiyo ni hesabu ya muda ambao prosesa imekaa bila kazi, na ikiwa kubwa ni habari njema.

Tazama namba zinavyotembea. Programu inayofanya kazi halali mara nyingi hupanda na kushuka: 18, 31, 9, 24. Iliyonasa kwenye mzunguko usio na mwisho hung'ang'ania namba moja. Prosesa yenye Logical processors 4 itaionyesha kwenye 25 bila kutetereka, yenye 8 kwenye 12 au 13, maana imekamata njia moja ya prosesa na haiiachii. Ukiona 25 iliyosimama nusu saa nzima, hapo huenda pana ugonjwa. Namba inayocheza mara nyingi inahitaji muda tu.

Ukiwa hapo hapo, ingia Performance, bofya CPU, soma Up time. Utashangaa kukuta siku 12 kwenye mashine inayozimwa kila jioni. Sababu ni Fast Startup: ukichagua Shut down, Windows haizimiki yote, inahifadhi kiini cha mfumo kwenye diski na kukirudisha asubuhi kama kilivyokuwa, pamoja na takataka zake. Draiva iliyochanganyikiwa baada ya sasisho inaamka nayo. Chagua Restart. Kuna mashine nyingi zinazopona hapo, na fundi mwaminifu hapaswi kudai hela ya kufanya kazi hiyo.

Baada ya Restart, kama majina yanayoongoza ni yale niliyoyataja, ipe mashine usiku mmoja. Iache imewaka, chaja imechomekwa, Sleep umeiweka Never kwa usiku huo, skrini izime. Ukitaka kuiharakisha, ingia Control Panel, System and Security, Security and Maintenance, fungua Maintenance na ubofye Start maintenance. Kwa desktop isiyo na UPS (betri ya akiba) singeshauri usiku kwa jinsi umeme wetu ulivyo. Fanyeni mchana wa Jumapili mkiwapo.

Foleni ya .NET unaweza kuimaliza kwa mkono. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa Run as administrator (kama msimamizi), nenda C:\Windows\Microsoft.NET\Framework64\v4.0.30319 na uandike ngen executequeueditems. Prosesa itapanda, itashuka, basi.

SearchIndexer inataka uangalifu zaidi, hasa kwenye steshenari. Fungua Control Panel, Indexing Options, na usome idadi ya vitu vilivyoorodheshwa. Idadi inapanda? Iache. Imeganda namba moja tangu asubuhi huku prosesa inaliwa? Bofya Advanced, kisha Rebuild, ukijua kwamba itaanza upya na itachukua saa kadhaa. Ila tiba ya kudumu iko kwenye Modify. Duka linaloskani vyeti na vitambulisho huwa na folda moja yenye maelfu ya PDF za wateja, na Windows hufungua kila moja isome maneno yake. Toa alama ya tiki kwenye folda hiyo. Nani anatafuta neno lililomo ndani ya cheti cha mteja wa mwaka jana? (Na kwa nini bado mnazo skani hizo, ni swali la barua nyingine.)

Defender isizimwe. Duka linalopokea flashi za watu kutwa nzima haliwezi kukaa bila ulinzi. Ukaguzi wake uliopangwa umewekewa kikomo cha asilimia 50 ya prosesa, na unaweza kuupunguza kwa kufungua PowerShell, dirisha jingine la amri, kama msimamizi na kuandika Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 25. Kikomo hicho hakigusi ulinzi wa papo kwa papo, kwa hiyo ukinakili folda kubwa kutoka kwenye flashi bado MsMpEng itapanda, na ndiyo kazi yake.

Ugonjwa mwingine unaofanana sana na huu hauko kwenye apdeti hata kidogo, nao ni kasi. Pale kwenye Performance, chini ya grafu, pana neno Speed. Laptopu ya Base speed GHz 2.4 ikiwa na kazi nyingi inapaswa kusoma karibu na hapo au zaidi. Ikisoma chini ya GHz 1, tuseme 0.79 au hata 0.39, huku kila kitu kinajivuta, hiyo prosesa imefungwa breki. Laptopu za Dell ndizo maarufu kwa hili. Chaja yake halisi ina kipini chembamba katikati ya plagi, na kwa kipini hicho mashine huitambua chaja na uwezo wake wa wati. Chaja ya kubahatisha, au halisi ambayo waya wake umekatikia pale kwenye shingo ya plagi, haitambuliki: betri haichaji, na mashine inashusha kasi ya prosesa kujilinda. Ukiwasha utaona ujumbe kwamba aina ya chaja haijulikani, lakini wengi hubonyeza kitufe na kupita. Jaribu kuchomoa chaja na kutumia betri. Speed ikipanda mara moja, tafuta chaja nyingine na uache Windows ya watu.

Asilimia nayo inaweza kudanganya hapo. Task Manager ya Windows 10, na ya Windows 11 kwa miaka ya mwanzo, ilihesabu mzigo kwa kulinganisha na kasi ya kawaida ya prosesa, ndiyo maana mashine iliyofungwa breki ingeweza kuonyesha asilimia 30 na bado haisogei. Mwaka 2025 Microsoft walibadilisha hesabu kwenye Windows 11 toleo la 24H2, na ile ya zamani sasa ni safu ya hiari kwenye Details iitwayo CPU Utility. Kwa hiyo usilinganishe asilimia za kabla na za baada ya sasisho hilo. Linganisha Speed, na linganisha muda unaotumika kufungua faili lile lile.

Breki hiyo huja pia kwa joto. Chomoa betri, fungua kifuniko cha chini, tazama mapezi ya shaba yanayopakana na feni. Maduka yanayotazama ziwa, Kirumba na Igombe kwa mfano, yana adha yake ya pekee: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi hufuata taa usiku, wakiingia dukani wananyonywa na feni na kugandamana na vumbi. Hata kama feni bado inazunguka vizuri, kupuliza tu hakutoshi. Shika mapanga yake yasizunguke, toa utando kwa brashi laini, weka pesti mpya ya joto kiasi cha punje ya mchele katikati ya prosesa.

Ikiwa anayekula ni System interrupts, ambayo kwa kawaida huwa chini ya asilimia 1 au 2, mtuhumiwa ni draiva au kifaa. Chomoa USB moja moja ukiangalia namba. Halafu ingia Device Manager, Display adapters. Ukikuta imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, sasisho limeiacha kadi ya picha bila draiva yake, na prosesa ndiyo inayochora kila kitu, hadi video za YouTube. Sakinisha draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu. Kama draiva mpya ndiyo mbovu, bofya Properties, Driver, Roll Back Driver.

Kwenye steshenari mtakutana pia na spoolsv.exe, pale kazi ya kuprinti iliyokwama inapojirudia bila kukoma. Kwenye Command Prompt ya msimamizi andika net stop spooler, futa vilivyomo kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, andika net start spooler.

Tatizo gumu ni sasisho lililokatishwa na umeme. TiWorker inafika katikati, mashine inazimika, ikiwaka inafuta ilichofanya, kesho inaanza tena. Mzunguko huo unaonekana ukifungua Settings, Windows Update, Update history: namba ile ile ya KB (namba ya kutambulisha sasisho) imeandikwa Failed mara kadhaa. Hapa kusubiri hakusaidii. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na ikimaliza andika sfc /scannow. Ufuate mpangilio huo, maana sfc hurekebisha faili kwa kuzichukua kwenye ghala ambalo DISM ndiyo inalitengeneza. Ghala likiwa bovu, sfc itarudisha ubovu. DISM huweza kusimama kwenye asilimia 62.3 kwa muda mrefu. Msiifunge. Inaweza pia kuhitaji kupakua, kwa hiyo bando liwepo.

KB ikigoma bado, zima huduma za kupakua masasisho kwa net stop wuauserv na net stop bits, badilisha jina la folda kwa ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old, kisha ziwashe tena zote mbili kwa net start. Sasisho litapakuliwa upya lote, na orodha ya Update history itaondoka, kwa hiyo andika pembeni namba ya KB kabla hujafanya hivyo. Ofisi yenye kompyuta kadhaa kwenye ruta moja, zile za kuandikia mizigo ya dagaa Mwaloni kwa mfano, ziingie Advanced options, Delivery Optimization, na kuchagua kupeana masasisho na mashine za mtandao wa ndani tu. Mkiiruhusu na ya intaneti, bando lenu litakuwa linawapelekea watu msiowajua.

Sikatai kwamba lipo sasisho bovu lenyewe. Agosti 2019 sasisho KB4512941 la Windows 10 toleo la 1903 liliwafanya baadhi ya watu waone SearchUI.exe ikila prosesa bila kukoma. Microsoft walikiri, na tarehe 10 Septemba wakatoa KB4515384 kulirekebisha. Aliyeondoa sasisho hilo moja alipona siku hiyo hiyo. Kuondoa ni kwenye Update history, Uninstall updates, kisha ukasimamisha mengine kwa Pause, ambayo kwenye Windows 11 hufika wiki tano. Kama mmepanda toleo zima, mnazo siku 10 za kurudi nyuma kwa Settings, System, Recovery, Go back. Siku hizo zikipita, folda ya Windows.old inafutwa na mlango umefungwa. Wanaotafuta nafasi ya diski kwa kuifuta folda hiyo siku ya pili wajue wanachokifuta.

Kuna mashine ambazo hakuna hatua kati ya hizi itakayozisaidia. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na tangu hapo mafundi wamekuwa wakilazimisha Windows 11 kwenye laptopu za Intel za kizazi cha nne hadi cha sita, wakati masharti yake yanaanzia kizazi cha nane pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Inasakinishwa, ndiyo. Lakini kwa RAM ya GB 4 Windows inalazimika kubana yaliyomo kwenye kumbukumbu muda wote, na anayebana ni prosesa. Bora kuongeza RAM na SSD kwanza, au kubaki Windows 10 kwa mpango wa ESU (masasisho ya usalama ya nyongeza), ambao kwa watu binafsi unafika tarehe 13 Oktoba 2026, au kuweka Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kama kazi ni za kuandika na kuperuzi tu.

Wanaowasha Windows kwa kraki (programu za kukwepa leseni) nao wawe macho. Vifurushi hivyo huweza kubeba programu za kuchimba sarafu za kidijitali, na baadhi hujificha ukifungua Task Manager. Feni inavuma, unafungua, prosesa inashuka na feni inatulia. Unafunga, dakika mbili inavuma tena. Ukiona hivyo, endesha Microsoft Defender Offline scan kutoka Windows Security. Hii ndiyo hali moja ambayo hata mimi nitakubali mashine ifutwe, ila isakinishwe kwa faili kutoka tovuti ya Microsoft, siyo ile flashi iliyozunguka mji mzima.

Kwa mafundi wenzangu, ombi langu ni dogo. Kabla hujamwambia mteja “tupige Windows”, mwandikie kwenye risiti mambo matatu: jina la programu iliyokuwa inaongoza kwenye safu ya CPU, namba ya KB ya mwisho kwenye Update history, na Speed uliyoisoma chaja ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa. Na wewe mteja, usiposomewa hayo matatu, beba mashine yako.

Fundi wa kompyuta,
Nyamagana, Mwanza